Mwongozo kamili: kutumia klasta ya pamoja kwa utafiti wako ukiwa Dar, hata kama hujasomea kompyuta

Wadau habari zenu. Huu mwongozo nauandika kwa ajili ya mtu mmoja ninayemjua vizuri ingawa jina lake linabadilika kila muhula: yuko mwaka wa pili wa masters, amepanga Sinza au Changanyikeni, ana laptopu ya RAM 8 inayochemka kama pasi, ameiacha inawaka usiku kucha ikichakata data za mvua au za jeni au za sauti, feni inalia mpaka mwenzake wa chumbani kaenda kulala sebuleni, halafu saa nane usiku umeme unakatika na betri yenyewe ilishakufa siku nyingi. Kazi ya siku tatu imeishia hapo. Asubuhi anaanza upya, na mwisho wa mwezi anamwambia supavaiza wake kwamba ameamua kupunguza data, badala ya miaka arobaini ya mvua atatumia miaka kumi, maana ndo mashine inavyoweza.

Hiyo sentensi ya mwisho inaniuma sana kila nikiisikia. Swali zuri limekatwa miguu kwa sababu ya laptopu. Nimekaa na watu wa fani tofauti hapa mjini, wa afya, wa mazingira, wa uhandisi, wa lugha, nawasaidia kuhamia kwenye klasta, na wengi hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inawezekana, walidhani ni mambo ya watu wa kompyuta tu.

Klasta ni kompyuta nyingi, pengine kumi pengine elfu, zimewekwa chumba kimoja chenye ubaridi na umeme wa akiba, zimeunganishwa kwa nyaya za kasi kubwa na zinatumiwa na watu wengi kupitia foleni moja. Kompyuta moja humo inaitwa nodi. Ndani ya nodi kuna kori nyingi, kori ndo kile kichwa kimoja kinachofanya hesabu, laptopu yako ina nne au nane na nodi ya klasta inaweza kuwa na 24, 48, hata zaidi ya 100. Wewe unabaki na laptopu yako ileile, unatuma kazi kule, unazima, unapanda mwendokasi unaenda Kariakoo kwa shughuli zako, na kazi inaendelea.

Neno ninalolirudia kwa kila mtu ni hili: pima kwanza, ndo uombe. Huko chini utaona kwa nini nalishikia bango.

Kwanza, unaihitaji kweli?

Kama una dodoso 2,000 kwenye Excel au SPSS, huihitaji, laptopu inatosha kabisa na utajipotezea wiki kujifunza vitu bure. Unaihitaji pale data inapokuwa kubwa kuliko RAM yako, au kazi moja inachukua zaidi ya usiku mmoja, au kazi ni fupi lakini unairudia mara mia kadhaa (sampuli 300 za wagonjwa, wilaya zote za nchi, kila mwezi tangu 1981). Hii ya tatu watu wanaisahau na ndo klasta inaifanya vizuri kuliko zote.

Katikati hapo kuna njia ya tatu. Watu wa baiolojia wana Galaxy, unaitumia ndani ya brauza tu bila kuandika amri hata moja, akaunti ni bure na seva yao kubwa ya Ulaya inakupa nafasi ya GB 250. Kwa mwanafunzi wa Muhimbili mwenye sampuli 20 za bakteria naona hiyo ndo pa kuanzia, usijitese. Wanaojifunza mambo ya mashine kujifunza zenyewe (machine learning) wanaanza na Google Colab, ambayo ya bure inakukatia ukikaa muda mrefu lakini kwa majaribio inafaa.

Kupata akaunti

Hapa ndo wengi wanakwama, na wanakwama kwa kutouliza. Anza pale ulipo: nenda idara ya kompyuta ya chuo chenu, nenda kitengo cha TEHAMA, uliza "kuna seva ya utafiti au klasta ambayo idara nyingine zinaweza kutumia?" Uliza hata kama unahisi jibu ni hapana. Nimeshaona seva nzuri imekaa ofisini inatumiwa na watu wawili wa mradi mmoja, na jirani yao korido ileile anakodi mashine mtandaoni kwa dola, hawajuani.

Ukitoka hapo angalia ushirikiano ambao taasisi yenu tayari inao. Muhimbili walikuwa sehemu ya H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki (kuchakata data za baiolojia kwa kompyuta) wa Afrika uliokuja na H3Africa, mradi wa utafiti wa jeni ulioanza 2012, kwahiyo mtu wa jeni akiuliza pale atapata wa kumwelekeza. Kuna TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, unaounganisha vyuo na kuvitoa nje kupitia UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao kama hiyo ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, uulizie kama chuo chenu kimeunganishwa maana ukihamisha data ukiwa ndani ya mtandao huo mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa na bando la simu.

Na kusini kuna CHPC ya Cape Town, kituo cha Afrika Kusini cha kompyuta kubwa za utafiti, chenye mashine inayoitwa Lengau, maana yake duma kwa Kitswana. Iliwashwa 2016 ikiwa na nodi zaidi ya 1,300 za kori 24 kila moja. Huwezi kujiandikisha peke yako kama unavyofungua imeli, unaingia kupitia mradi wenye mtafiti mkuu, kwahiyo njia ya kweli ni kuwa na mwenza wa utafiti. Supavaiza wako akiwa na mtu anayeshirikiana naye Afrika Kusini, mwambie aulize. Barua moja tu.

Barua yenyewe iwe nusu ukurasa. Andika swali lako la utafiti kwa sentensi mbili ambazo mtu wa fani nyingine ataelewa, programu utakayotumia, data ni GB ngapi, kazi moja inachukua muda gani kwenye laptopu na unahitaji kuirudia mara ngapi. Mtu akiandika "nahitaji nguvu kubwa ya kompyuta kwa tasnifu yangu" admini (msimamizi wa klasta) hana cha kufanya nayo, lakini ukiandika "nina faili 300, kila moja inachukua saa 2 na RAM GB 6", umeshamfanyia nusu ya kazi.

Kuhusu data za watu, tafadhali sana hapa usiruke. Kama una taarifa za wagonjwa, sampuli za damu, sauti za watu uliowahoji, kibali chako cha maadili kinasema data zinakaa wapi. Kuzipeleka seva iliyoko nje ya nchi ni jambo la kuuliza kamati ya maadili kabla, kwa utafiti wa afya ni NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na kamati ya taasisi yako, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayogusa usafirishaji wa taarifa nje. Ondoa majina, namba za simu na namba za hospitali kabla faili halijatoka kwenye laptopu yako. Mtu aliyekubali kukupa damu yake pale kliniki alikuamini wewe.

Kuingia

Ukishapewa jina la kuingilia na anwani ya seva unafungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri. Windows 10 na kuendelea inayo tayari, fungua PowerShell, Mac na Linux wanayo siku zote. Unaandika:

ssh jina@anwani-ya-klasta

Ukiandika paswedi hautaona chochote kinatokea kwenye kioo, hata nyota hazionekani, ndivyo ilivyo, andika tu ubonyeze Enter. Nimeona watu wakifungiwa akaunti siku ya kwanza kwa kudhani kibodi imeharibika wakawa wanarudia rudia.

Bora zaidi tengeneza ufunguo wa kuingilia badala ya paswedi, wenye nusu mbili, kwa ssh-keygen -t ed25519, uuwekee neno la siri, kisha ile nusu ya wazi, faili linaloishia na .pub, ndo unaipeleka kule. Ile nusu nyingine haitoki kwenye laptopu yako, hata admini asikuombe. Na akaunti ni ya mtu mmoja. Najua mwenzako wa darasani ana haraka na yake haijatoka, lakini akijaza diski au akifuta kitu jina linalosomeka ni lako.

Ukishaingia andika tmux kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo inakutengenezea kikao kinachobaki hai kule hata mtandao wako ukikatika, ukirudi unaandika tmux attach unakuta kila kitu pale ulipokiacha. Kwa Dar hii ni ya lazima. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, intaneti ikawa kama imekufa nchi nzima? Waliokuwa na kazi ndani ya foleni au ndani ya tmux walikuta zimeisha salama, maana kule seva haikujua hata kama huku kuna shida.

Pale ulipofikia panaitwa nodi ya kuingilia, ni kama mapokezi. Unapanga mafaili, unaandika skripti (faili la amri zako), unatuma kazi. Usichakate chochote pale, kwa sababu watu wote wanapita hapohapo na ukiwasha kazi nzito kila mtu anaganda, mpaka anayetaka kuhariri mstari mmoja tu.

Kuhamisha data

Fanya hesabu kwanza kabla hujaanza. Faili la GB 60 kwenye laini inayopandisha Mbps 10 ni saa 13 na dakika 20 hivi, kama haitetereki hata mara moja (60 mara 8 ni gigabiti 480, yaani megabiti 480,000, gawa kwa 10 kwa sekunde, sekunde 48,000). Na laini nyingi za nyumbani kupandisha ni polepole kuliko kushusha, kwahiyo pima kasi ya kupandisha, usidanganyike na ile namba kubwa ya kushusha.

Kwahiyo jiulize: hizi data lazima zipite Dar? Data nyingi za wazi hazina sababu ya kupita. Mtu wa hali ya hewa anayetaka ERA5 (kumbukumbu za hali ya hewa za dunia nzima) au makadirio ya mvua ya CHIRPS tangu 1981, au mtu wa jeni anayetaka mfuatano uliowekwa hadharani, aingie klasta na aiambie klasta yenyewe izishushe, kwa wget au kwa programu ya hazina husika. Kule wana laini nene, kinachokuchukua wewe wiki nzima na mabando matano kinaisha wakati unakunywa chai. Ingawa klasta nyingine wana nodi maalumu ya kushusha vitu, kwahiyo uliza kwanza. Kuna kijana wa mazingira alikuwa anashusha satelaiti za Rufiji kwenye laptopu usiku, anajaza eksteno, halafu anapandisha tena zilezile kwenda klasta. Miezi miwili. Tulipokaa naye tukaandika amri tatu, jioni ileile zilikuwa zimefika.

Kwa zile za kwako mwenyewe ulizokusanya uwandani, usitumie kukopi kwa kawaida, tumia rsync:

rsync -avP sauti/ jina@anwani-ya-klasta:/scratch/jina/sauti/

Uzuri wake ikikatika unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia. Mafaili madogo madogo elfu kumi yafunge kwanza kuwa faili moja kwa tar, yakienda moja moja yanachelewa mno, na hata kule klasta mafaili mengi madogo yanachosha diski ya watu wote. Ukimaliza piga sha256sum huku na kule, ile mistari ya herufi na namba ikifanana faili limefika zima. Kama una zaidi ya GB 200 na klasta iko hapahapa mjini, beba eksteno uende nayo ofisini, ongea na admini vizuri, foleni ya Mwenge haiwezi kushinda hiyo ya mtandao.

Kule utakuta sehemu tatu kwa kawaida. Ya nyumbani ni ndogo, ya skripti zako. Ya mradi ni ya kushirikiana na wenzako. Ya scratch ni kubwa na ya kasi, hapo ndo kazi inafanyika, lakini inafutwa, klasta nyingi zinafuta lisiloguswa kwa muda fulani kama mwezi hivi, na haina bakapu. Soma kanuni ya klasta yako kuhusu hilo neno kwa neno. Nakala halisi ya data ya uwandani ibaki kwako sehemu mbili tofauti, muda wote.

Programu

Hauna haki za uadmini kule kwahiyo zile amri za sudo (zinazohitaji haki hizo) unazokuta kwenye video hazitafanya kazi, usihangaike nazo. Andika module avail uone vilivyopo, kisha module load R au chochote unachotaka. Kisichokuwepo unakiweka mwenyewe kwenye folda yako kwa Miniforge, programu ya kuwekea programu nyingine bila haki za uadmini, au unatumia Apptainer (ile iliyokuwa inaitwa Singularity mpaka 2021) ambayo inabeba programu na vikolombwezo vyake vyote ndani ya faili moja, unalitengeneza mara moja na linatembea nawe kutoka klasta moja hadi nyingine. Andika toleo la kila programu kwenye daftari lako. Mhakiki wa jarida atakuuliza.

Kazi ya kwanza

Klasta nyingi foleni yake inaendeshwa na Slurm. Unaandika faili dogo linalosema unataka nini na ufanyiwe nini:

#!/bin/bash
#SBATCH --job-name=mvua_pwani
#SBATCH --cpus-per-task=1
#SBATCH --mem=8G
#SBATCH --time=03:00:00
#SBATCH --output=taarifa_%j.txt

module load R
cd /scratch/$USER/mvua
Rscript chakata.R

Mistari ya SBATCH ni maombi yako: kori moja, RAM GB 8, saa tatu, na kila kitu ambacho programu ingekiandika kwenye kioo kiingie kwenye faili la taarifa lenye namba ya kazi. Chini yake ni amri zilezile ungeandika kwa mkono. Unatuma kwa sbatch mvua.sh, unapewa namba, unaangalia kwa squeue -u $USER, ukitaka kuiua ni scancel na namba yake. Wale wa Lengau wenyewe wanatumia PBS, amri ni qsub, qstat na qdel na mistari inaanza na #PBS, wazo ni lilelile.

Ukiandika skripti kwenye Notepad ya Windows ukaipeleka kule unaweza kujibiwa kwamba kuna DOS line breaks. Usiogope, piga dos2unix mvua.sh kisha tuma tena. Na anayetumia Python aandike python -u, vinginevyo faili la taarifa litakaa tupu muda mrefu atadhani kazi imekufa.

Sasa kupima

Hapa ndo nataka tukae.

Dada mmoja wa isimu alikuwa na rekodi za wazee wa Kizaramo, saa 90 za sauti, kazi nzuri sana, wazee wengine kwenye hizo rekodi hawapo tena duniani. Alitaka kuzipitisha kwenye programu ya kugawa usemi vipande vipande. Aliomba kori 48, RAM GB 180, siku 5. Kazi ikakaa foleni siku sita haijaanza, ilipoanza ikaisha baada ya saa 31. Akaja kwangu analalamika kwamba klasta ni ya watu wa fizikia, wengine wanapendelewa. Tukapiga seff, amri inayoonyesha kazi iliyoisha ilitumia kiasi gani cha ilichoomba, na namba ya kazi yake, ikaandika hivi:

CPU Efficiency: 2.05%
Memory Utilized: 6.10 GB
Memory Efficiency: 3.39% of 180.00 GB

Nilimwonyesha hiyo 2.05. Ukigawa moja kwa 48 unapata asilimia 2 na kidogo, maana yake kori moja ilikuwa inafanya kazi na 47 zimekaa zinaitazama, kwa saa 31, kwa sababu ile programu yake ilikuwa haijui kugawana kazi. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia kwamba kuomba kori nyingi hakuifanyi programu izitumie. Tukagawa rekodi mafungu, kila fungu kori 1, GB 8, saa 2. Zikaanza usiku uleule, kesho yake saa nne asubuhi zote zimeisha. Na zile kori 47 zikaenda kwa watu wengine, siku hiyo kulikuwa na jamaa wa mafuriko ya Msimbazi amesubiri tangu Jumatatu.

Foleni ya Slurm ni kama foleni ya maji bombani. Mwenye madumu kumi na mbili anasubiri mpaka bomba lote liwe lake, ila wakati anasogeza madumu yake mwenye jagi moja anaambiwa "pitisha hapo dada". Kama nodi zinakusanywa kwa ajili ya kazi kubwa itakayoanza saa 12 jioni na sasa ni saa 8 mchana, kazi yako ya saa 3 inapenyezwa pale katikati, lakini ni kama tu uliandika saa 3. Ukiandika siku 5 "kwa usalama" mashine inakuamini, inakuona wewe ndo mwenye madumu.

Kwahiyo fanya hivi. Chukua kipande kidogo cha data, mwezi mmoja badala ya miaka arobaini, sampuli moja badala ya mia tatu. Kitume kwa kori 1 na RAM ya kukisia. Kikiisha piga seff na namba ya kazi, au kama klasta yenu haina hiyo piga:

sacct -j 48213 --format=Elapsed,TotalCPU,MaxRSS,State

Angalia MaxRSS, hiyo ndo RAM iliyotumika kwa juu kabisa, ongeza robo yake au theluthi, hiyo ndo ombi lako la RAM. Angalia muda, ongeza nusu. Kisha jaribu data mara mbili yake uone kama RAM nayo imepanda mara mbili au imebaki palepale, hapo utajua kukadiria kazi kubwa bila kubahatisha. Ukiomba RAM ndogo mno kazi inauawa, State inaandika OUT_OF_MEMORY, ikipita muda uliouomba inaandika TIMEOUT, sio mwisho wa dunia, ongeza kidogo urudie.

Na kori? Jaribu 1, 2, 4, 8 kwa kipande kilekile uandike dakika. Kila programu ina sehemu ambayo haigawanyiki. Tuseme ni asilimia 10 tu: kori 4 zitakupa kasi mara 3 hivi, kori 16 mara 6.4, kori 32 mara 7.8, na hata ukipewa elfu moja hautavuka mara 10. Hiyo ni hesabu ya Amdahl, ya tangu 1967, na ndo maana mtu anayeomba kori 32 kwa programu kama hiyo amezishikilia kumi na sita za nyongeza kwa faida ndogo mno. Kama programu inajua kugawana, iambie umepewa ngapi, mara nyingi kwa mstari export OMP_NUM_THREADS=$SLURM_CPUS_PER_TASK. Watu wa R muwe makini na detectCores(), hiyo inahesabu kori zote za nodi na sio zako, umeomba 4 inawasha kazi 48 zinazogombania kori 4, inakuwa polepole kuliko hata laptopu.

Kazi nyingi ndogo

Wenye sampuli 300 msitume kazi 300 kwa mkono, wala msiweke zote ndani ya kazi moja ya wiki mbili. Ongeza mstari mmoja:

#SBATCH --array=1-300%20

Slurm inatengeneza kazi 300 zenye namba, na ile %20 inasema zisiende zaidi ya 20 kwa wakati mmoja ili wengine nao wapate. Ndani ya skripti kuna $SLURM_ARRAY_TASK_ID, ndo namba inayokuambia uchukue faili la ngapi kwenye orodha yako. Mwanzoni endesha 1-3 tu, hakikisha majibu yana maana, ndo ufungulie zote. Sampuli ya 117 ikifeli unarudia --array=117 peke yake. Na kwa kazi ndefu zisizogawanyika, kama modeli za hali ya hewa, washa sehemu ya programu inayohifadhi hali yake kila baada ya muda fulani ili ikikatika isianze sifuri, nyingi zinayo ila imezimwa.

Ikikwama

Kazi ikiwa PD inasubiri, mwisho wa mstari kuna sababu. Priority maana yake kuna watu mbele yako, Resources maana yake wewe ndo unafuata nafasi ikipatikana, na ikitaja QOS au Limit umeomba kuliko unavyoruhusiwa. Klasta nyingi zinakumbuka ulichotumia siku za nyuma, ukitumia sana wiki hii kipaumbele chako kinashuka kidogo wiki ijayo ili ambaye hajagusa apite, kwahiyo ukiona jirani aliyekuja jana amekupita, hakuna upendeleo hapo.

Ukiwaandikia maadmini weka namba ya kazi, njia kamili ya skripti, ujumbe wa kosa kama ulivyoandikwa, na ulichokwisha kujaribu. Kopi maandishi, usipige picha kioo kwa simu. Mfano: "Habari, kazi 48213 imekufa baada ya dakika 4, skripti ni /home/jina/mvua.sh, inasema haioni maktaba ya netcdf, nimejaribu module load netcdf bado." Hiyo inajibiwa siku hiyohiyo. Ile ya "klasta haifanyi kazi naomba msaada" inachukua siku tatu za kuulizana maswali. Kama klasta yenu iko Cape Town kumbukeni wako nyuma yetu saa moja.

Na muulizane nyinyi kwa nyinyi. Mtu wa mafuriko aliyehangaika na array mwaka jana anamsaidia mtu wa malaria kwa nusu saa, skripti ni ileile, limebadilika jina la folda tu. Hapo tunapoteza sana, kila idara inajifunza peke yake kitu ambacho ghorofa ya chini wanakijua.

Ukikaribia kumaliza

Mwezi mmoja kabla ya kuwasilisha tasnifu, piga du -sh * kwenye folda zako uone nini kinakula nafasi. Vya katikati vinavyoweza kutengenezwa upya futa. Matokeo, skripti na orodha ya matoleo ya programu rudisha kwako kwa rsync, hakiki kwa sha256sum, na weka faili la SOMA.txt linaloeleza folda ipi ina nini, kwa lugha ambayo mwanafunzi atakayepokea mradi wako ataielewa bila kukupigia simu. Kwenye shukrani za tasnifu na za makala taja klasta uliyotumia kwa jina lake kamili, wanaohudumia mashine wanahitaji hiyo mistari wanapoomba fedha za kununua nyingine, na wengi wanakuwa na sentensi tayari wanayotaka uiandike, waombe. Halafu waandikie kwamba umemaliza, folda ya mradi wamkabidhi nani, na akaunti yako waifunge.